Nilijipa Tano kwa Jina la Mama

Siku ile mjinga nilikuwa mimi.

Naanza na hilo kabisa, msije mkapoteza muda kwenye komenti mkimtafuta mwingine.

Nilikuwa juu ya jukwaa, katikati ya uwanja wa kijiji chetu cha Luanjiatuan. Baridi inakata masikio. Maiki mkononi, utepe mwekundu kifuani. Mbele yangu watu kama mia mbili. Nyuma yangu kamba ndefu, na kwenye kamba imetundikwa mifarishi ya wazee wote wa kijiji, yale mablanketi mazito ya kushonwa yaliyojazwa pamba.

Nikanyoosha kidole kwenye mfarishi mmoja mweusi, viraka kumi na kitu.

"Sui Changgen! Hata mbwa akitandikiwa huu, anahama nyumba!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Changgen, mfuga nguruwe, mtu niliyekaa naye dawati moja toka darasa la kwanza, hakucheka. Aliung'oa ule mfarishi kambani, akautupia begani, akageuka kuondoka.

Nikafungua mdomo niongeze la pili...

Hapo nikamwona Mama Mdogo Guizhi, mdogo wake mama yangu, anakuja mbio. Kiatu kimoja mguuni, kingine sijui kakiacha wapi.

"Haobo! Shuka huko! Mama yako haamki!"

...

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Naitwa Luan Haobo. Miaka arobaini na mbili. Nimeuza hita za maji, duka likafa. Nimeoa, mke akaondoka akaniachia samaki wa mapambo. Samaki nao wakafa. Nimeanguka kwenye ghorofa nikiwa kibarua, nikavunjika mguu, na bado nilimtania daktari aniunganishe na mguu mrefu zaidi.

Kwa hiyo ile kazi ya udodosaji iliponijia, niliing'ang'ania kwa mikono miwili.

Profesa mmoja wa chuo alitaka kupima jinsi familia za siku hizi zinavyowaheshimu na kuwatunza wazazi wao. Maswali ishirini na nne. Mzee anajibu kwa namba. Moja ni mbaya kabisa, tano ni safi kabisa.

Mwanao anakusikiliza?

Mwanao anajua unaumwa wapi?

Kitu kikiharibika nyumbani, anakuja kukitengeneza?

Katibu wa kijiji, Bwana Yu, aliposikia habari hiyo macho yakamwaka. Akaagiza alama za fomu zijumlishwe na alama za mifarishi.

Maana kwetu, mwezi wa mwisho kabla ya mwaka mpya, mifarishi ya wazee hutolewa nje. Inatundikwa uwanjani, watu wanaishika, wanainusa, wanaipima kwenye mizani. Mfarishi mzuri, mtoto mzuri. Mfarishi mbovu, jina lako linasomwa kwenye spika za nguzoni, kijiji kizima kisikie, mpaka kuku.

Kijiji kikanibatiza jina: Bwana Alama.

Na mimi nikalipenda! Nilitembea na ule ubao wangu wa fomu kama hakimu.

Shida ilikuwa moja. Wazee wote walijibu tano.

"Bibi Chi, mwanao anakutembe..."

"Tano."

"Sijamaliza swali, bibi."

"Hata ukimaliza ni tano. Andika."

"Mara ya mwisho alikuja lini?"

Bibi akaanza kuhesabu miezi kwa vidole. Vidole vikaisha. Akaficha mikono kwenye mikono ya koti.

"Tano," akasema.

Nilicheka njia nzima. Mjinga mimi, nilicheka!

Nikafika kwa Babu Sui, baba yake Changgen. Nikamkuta amekaa juu ya kitanda chake cha matofali, kile cha kuwashiwa moto chini, joto mpaka miwani yangu ikaingia ukungu. Mzee miaka themanini na moja, jino moja, ulimi kamili.

"Babu, Changgen anakusikiliza?"

"Moja."

Kalamu ikaniponyoka.

"Moja?"

"Ananificha sigara! Juzi kanishika mguu kwa nguvu akanikata kucha, nimemwambia sitaki! Andika moja. Na hiyo ya heshima andika mbili, maana jana alinipa kiti."

"Babu, haya yanasomwa mbele za watu..."

"Yasomwe! Na yeye asikie!"

Kutoka jikoni Changgen akapaza sauti: "Mzee! Uji unapoa! Matusi utamalizia baadaye!"

"Umemsikia?" Babu akanigeukia. "Andika moja."

Nikaandika. Nilipojumlisha, nyumba ya Sui ilikuwa ya mwisho kijiji kizima, na kwa mbali. Wadau, nilifurahi. Changgen alikuwa ananishinda hesabu toka utoto. Safari hii namba zilikuwa mkononi mwangu.

Na mama yangu?

Kanuni ilisema mdodosaji asimdodose ndugu yake. Alitakiwa aende mwenzangu. Nikamwambia mwenzangu apumzike, hiyo nyumba naijua.

Halafu... sikwenda.

Nyumba ya mama iko hatua mia tatu kutoka ofisi ya kijiji. Mimi nilikaa ofisini karibu na jiko, nikampigia simu.

"Mama, nakujazia fomu yako. Niweke tano zote?"

"Weka unavyoona, mwanangu. Usiaibike tu."

"Mbona unakohoa?"

"Moshi. Bomba la paani limeziba kidogo. Nikiwasha moto chini ya kitanda moshi unarudi ndani. Si neno."

"Nakuja Jumapili kulizibua."

"Haya. Jumapili."

Nikajaza. Tano ishirini na nne! Mia moja na ishirini juu ya mia moja na ishirini. Hata lile swali la kitu kikiharibika nyumbani.

Chini kabisa palikuwa na nafasi ya mzee kuweka dole gumba. Nikachovya dole langu kwenye wino mwekundu, nikabandika.

Jumapili ya kwanza nilikuwa na fomu za kukusanya. Jumapili ya pili palikuwa na kikao. Ya tatu... niwe mkweli, ya tatu nililala tu nyumbani kwangu mjini.

Jumatatu yake nikakutana na Changgen barabarani, anaendesha guta lake la magurudumu matatu la kubebea nguruwe.

"Bwana Alama, bomba la mama yako halitoi moshi. Leo siku ya nane."

"Wewe unahesabu moshi wa watu? Kahesabu nguruwe wako."

"Nimekwenda na ngazi nipande. Kakataa. Anasema Haobo anakuja Jumapili, nikipanda mimi kijiji kitasema mwanawe kashindwa."

"Basi umeshajibiwa."

Aliniangalia kidogo, akawasha guta, akaenda zake. Nami nikaenda zangu, napiga mluzi.

...

Ikafika siku ya mifarishi.

Mama alikuwa na mfarishi uliomshinda kila mtu. Mwekundu, hariri juu, maua makubwa ya dhahabu. Nilimletea mimi, majira ya baridi mawili yaliyopita. Siku hiyo hiyo nikatoa ule wake wa zamani, uliochakaa, nikauchoma uani kwa mkono wangu. Nisingekubali mtu aje auone.

"Ulikuwa bado una joto," mama alisema wakati unaungua.

"Mama, acha mambo ya kimaskini!"

Miaka miwili mfululizo tukashika nafasi ya kwanza. Picha yangu ipo ukutani ofisi ya kijiji, nimeukumbatia ule mfarishi. Mama hayumo kwenye picha, alikuwa amesogea pembeni asizibe maua.

Asubuhi ile Mama Mdogo Guizhi alipita kuuchukua. Mama aliutoa kupitia upenyo wa mlango, akasema amechoka, atajilaza kidogo.

Pale uwanjani, kabla sijapanda jukwaani, Changgen alisimama mbele ya mfarishi wetu. Akashika pembe. Akanusa.

"Unanuka dawa ya nondo wala nguo."

"Ndiyo. Na wako unanuka nguruwe."

"Mikunjo yake bado imesimama, Haobo. Kama imetoka dukani. Huu haujawahi kulaliwa."

"Mama anatunza vitu."

"Sasa yeye analala na nini?"

Jamani... swali lile! Lilikuwa limesimama mbele yangu, limevaa nguo, lina macho. Na mimi nikalijibu nini?

"Wivu utakuua, Changgen."

Nikapanda jukwaani. Mengine mmeshayasikia.

...

Tulipoingia kwa mama, pumzi zetu zilikuwa zinatoka moshi. Ndani ya nyumba!

Kitanda cha matofali niliweka kiganja, kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Mama alikuwa amejikunja kwenye kona. Juu yake koti la marehemu baba. Juu ya koti, magunia mawili ya mbolea yaliyoshonwa pamoja kwa uzi mweupe, mishono midogo midogo, mizuri, kama anavyoshona siku zote. Midomo ya bluu.

Pembeni sanduku liko wazi. Tupu. Limebaki tu shuka safi lililokunjwa kwa umbo la ule mfarishi mwekundu, na vidonge vyeupe vya dawa ya nondo kwenye pembe zote nne.

Nilielewa hapo hapo, hakuna aliyehitaji kunieleza. Mfarishi ulikuwa unalala sandukuni mwaka mzima usichafuke, usikunjike, ili siku moja kwa mwaka mimi nishinde.

Na ule wa zamani nilishauchoma.

"Mama! Mama!"

Akafungua jicho moja. Sauti kama karatasi.

"Tumeshinda?"

Nikageuka nikimbilie uwanjani kuuchukua ule mwekundu. Nikagongana na Changgen mlangoni, mfarishi wake mweusi bado uko begani.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Kuchukua mfarishi!"

"Na huu ni nini?"

Akamviringisha mama kwenye ule mweusi, toka kichwani hadi miguuni, akambeba kama mtoto, akamlaza kwenye guta. Mimi nikapanda nyuma, nikamshika.

Guta likatoka mbio. Na tulipopita chini ya nguzo ya kwanza, spika zikakwaruza... sauti ya Katibu Yu:

"Mtoto bora wa mwaka, nafasi ya kwanza, kwa mara ya tatu mfululizo... Luan Haobo!"

Makofi.

Nguzo ya pili: "Luan Haobo yuko wapi? Aje apokee!"

Nguzo ya tatu, pale njia inapotoka kijijini: "Na nafasi ya mwisho, tunasema kwa masikitiko, nyumba ya Sui Changgen!"

Changgen hakugeuza shingo. Aliongeza mwendo.

Mkono wangu ulikuwa umeingia kwenye mshono uliofumuka wa ule mfarishi. Nikahisi pamba. Nikaivuta kidogo nikaitazama. Nyeupe, mpya, nene, laini kama ilichumwa jana. Baadaye Mama Mdogo aliniambia. Kila vuli Changgen anafumua, anatoa pamba yote ya zamani, anajaza mpya. Gamba la nje ndilo haliguswi, maana lilishonwa na marehemu mke wa mzee, mama yake Changgen, na mzee akiliona limebadilishwa analia.

Haya yote hayakuwemo kwenye fomu. Mizani ingeweza kuyaona, kama ningekubali ule mfarishi upimwe. Niliupitisha bila kuupima. Nilisema utachafua mizani.

...

Hospitali ya wilaya, daktari alikuwa mama mmoja mfupi asiyeniangalia usoni.

"Mapafu. Hii si baridi ya siku moja. Nani anaishi naye?"

Nikatoka.

Kwenye korido nikamvaa Changgen. Nilihitaji mtu wa kumlaumu, na yeye ndiye alikuwa karibu.

"Kwa nini hukuniambia? Wewe jirani gani!"

"Nilikwambia. Mara ya kwanza ukanituma nikahesabu nguruwe. Mara ya pili ukaniambia nina wivu. Mara ya tatu ulikuwa na maiki."

Nikakaa chini kwenye sakafu, utepe mwekundu bado uko kifuani. Nesi mmoja akapita akaniuliza kama kuna harusi.

Mama alifariki siku ya sita, asubuhi, saa ya uji. Alikuwa bado ndani ya ule mfarishi mweusi. Babu Sui alikuja mwenyewe na fimbo yake, akatazama, akasema asivuliwe, aende nao. Changgen akamwambia, "Mzee, huo ni wa mama." Babu akamjibu, "Mama yako angenizomea kama ningeuchukua." Changgen akageukia ukuta.

Niliporudi kijijini nilikwenda kwa Katibu Yu. Nikamwekea mezani bango la mtoto bora waliloniachia nyumbani kwa mama. Nikamwambia atangaze kwenye spika kwamba fomu ya mama ni ya uongo, dole ni langu, na matokeo ya Changgen yafutwe.

Katibu akafunga mlango.

"Haobo, pole sana na msiba. Lakini matokeo yalishakwenda wilayani. Kijiji kimeshika nafasi nzuri. Sasa tuseme nini?"

"Tuseme ukweli."

"Kapumzike."

Nikamwandikia profesa. Sijajibiwa mpaka leo. Kwa hiyo huko kwenye majedwali yake mama yangu yupo, hai, mia moja na ishirini juu ya mia moja na ishirini. Mzee anayetunzwa kuliko wote kijijini kwetu.

Na Babu Sui yupo chini kabisa, mzee anayeteswa!

Ndiyo maana naandika hapa. Spika sina.

Nimewaza sana kwa nini yule mzee mwenye mtoto mwema ndiye pekee aliyethubutu kulalamika. Jibu moja tu ninalo. Alijua kwamba hata akiandika moja, jioni uji utakuja, na kucha zitakatwa.

Wengine hawakuwa na uhakika huo. Mama hakuwa nao.

Basi ndugu yangu unayesoma, usinitumie picha ya zawadi uliyompelekea mama yako. Nzuri, nimeiona, hongera. Mimi nakuuliza bomba lake. Linatoa moshi? Umelipanda lini? Kitanda chake umekigusa kwa kiganja? Kama ni hatua mia tatu, inuka. Kama ni mbali, panda gari. Jumapili unayomwahidi, yeye anaihesabu.

Nimebakisha jambo moja.

Siku ya nne pale hospitali mama aliamka vizuri. Akanywa uji vijiko vitano. Nikaona hiyo ndiyo nafasi yangu. Nikatoa fomu mpya, safi, na kidau cha wino mwekundu. Changgen alikuwa dirishani anammenyea peari.

"Mama, leo nakuuliza kwa haki. Jibu mwenyewe, dole uweke mwenyewe. Mwanao anajua unaumwa wapi?"

"Tano."

"Mama..."

"Tano. Endelea."

"Kitu kikiharibika nyumbani, mwanao anakuja kukitengeneza?"

"Tano."

Nikaitupa kalamu.

"Mama, bomba! Magunia! Nilikuchomea mfarishi wako mbele ya macho yako! Sema moja! Nakuomba, moja tu, nishike kitu cha kweli mkononi!"

Kisu cha Changgen kikasimama kwenye peari.

Mama akavuta pumzi kwa shida. Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nikirudi shule na daftari limechanika.

"Haobo. Wewe ukipata moja, mimi niliyekulea nitapata ngapi?"